Kuongeza Nguvu na Uimara wa Injini ya Pikipiki kwa Mikono Yetu Wenyewe

Ifuatayo ni hotuba aliyoitoa fundi wa karakana yetu mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na wageni wafadhili, katika semina ya matunzo ya vyombo vya usafiri. Tumeifupisha kidogo ili itoshe katika jarida.



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo kila kamati huniuliza. Mwenyekiti anafika karakana, ananisalimu vizuri, kisha anasema: “Fundi, pikipiki yetu imechoka. Mlima wa kigango cha juu haupandi tena. Tuongezee nguvu.” Ni ombi la haki. Katekista ana vigango sita, muuguzi ana kliniki za vijiji, na barabara zetu mnazifahamu. Lakini kabla sijajibu, naomba niwaeleze kosa langu mwenyewe, maana yote nitakayosema leo nilijifunza kutokana na kosa hilo.

Miaka ile nilikuwa kijana, nimetoka chuo cha ufundi, najiona najua kila kitu. Zahanati ya parokia ilikuwa na pikipiki ya sisi 125. Muuguzi alilalamika kwamba mlimani inakufa nguvu. Mimi nikaenda mjini nikanunua silinda na pistoni ya sisi 150, nikafunga. Nikaondoa boksi la chujio la hewa, nikaweka chujio dogo la wazi la mashindano kwa sababu linanguruma vizuri. Kabureta sikuigusa, jeti ikabaki ileile. Kwa wiki sita pikipiki ile ilikwenda kama upepo, na mimi nilisifiwa kijiji kizima.

Wiki ya saba, wakati wa kiangazi, injini ilikamata mlimani muuguzi akielekea kliniki ya watoto. Alikuwa peke yake, kisanduku baridi cha chanjo mgongoni. Aliisukuma pikipiki, akaiacha kwa msamaria mmoja, akatembea mpaka giza likaingia. Barafu iliyeyuka na chanjo zikatupwa. Akina mama waliokuwa wanasubiri tangu asubuhi walirudi makwao, na mwezi uliofuata wengi wao hawakuja tena. Hakuna aliyefariki siku ile, namshukuru Mungu. Lakini kamati iliandika kwa mfadhili: “Pikipiki imekufa, tunaomba nyingine.” Aliyejua imekufa kwa nini ni mimi peke yangu, nami nilinyamaza.

Nilinyamaza miezi miwili. Siku niliyosimama mbele ya kamati na kusema ukweli, muuguzi yule alinijibu maneno ambayo sijayasahau: “Fundi, mimi sikuomba mbio. Niliomba kufika na kurudi.”

Basi tuanze hapo. Nguvu tunayoitafuta ni ya kufika na kurudi.

Nguvu ya injini inatoka wapi, na inapotelea wapi

Injini ni pampu ya hewa. Inavuta hewa na petroli, inabana, plagi inawasha, pistoni inasukumwa. Hewa ikipungua, nguvu inapungua. Sisi wa nyanda za juu, Njombe na Makete, tunaishi mahali ambapo sehemu nyingi ziko juu ya mita 1,800. Kwenye mita 2,000 mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 80 ya ule wa pwani. Maana yake, injini inayotoa nguvu farasi 10 kule Dar es Salaam, huku inatoa kama 8 tu, hata ikiwa mpya kabisa. Kwa hiyo pikipiki inayoonekana dhaifu huenda haina ugonjwa wowote.

Tena, kwa sababu hewa ni nyepesi, kabureta iliyopangwa kwa ajili ya pwani huku inatoa petroli nyingi kuliko hewa. Dalili yake ni plagi nyeusi yenye masizi makavu, moshi mweusi, na petroli kuisha haraka. Dawa yake ni kuweka jeti kuu iliyo ndogo kwa namba moja au mbili. Ni kazi ya nusu saa, na jeti yenyewe ni kitu kidogo kuliko punje ya mahindi. Lakini akishuka nayo kukaa pwani, lazima irudishwe ile ya kwanza, la sivyo injini itachemka.

Sababu ya pili ya kupotea nguvu ni uchakavu. Ringi zinalika, silinda inapanuka, vali hazifungi sawasawa, mbano unavuja. Hapa ndipo tunaweza kufanya kazi ya maana sisi wenyewe.

Pima kwanza, fungua baadaye

Fundi anayefungua injini kabla ya kupima ni kama daktari anayepasua kabla ya kuuliza unaumwa wapi. Pima mambo manne.

Kwanza, moshi. Ukitoka moshi wa bluu wakati wa kuongeza mafuta, shuku ringi na silinda. Ukitoka baada ya kuteremka mlima mrefu mkono ukiwa umeachia mafuta, kisha ukaongeza, shuku sili za vali.

Pili, mbano. Tumia geji ya mbano na linganisha na kitabu cha pikipiki. Mbano ukiwa mdogo, tia kijiko kimoja cha chai cha oili kwenye tundu la plagi, upime tena. Ukipanda, ringi zimechoka. Usipopanda, tatizo liko kwenye vali au gasketi ya hedi.

Tatu, tapeti. Kwa Honda CG125 kitabu kinataka nafasi ya milimita 0.08, injini ikiwa baridi. Nimeona pikipiki nyingi zilizohukumiwa kufa ambazo tatizo lake lilikuwa tapeti zilizokaza tu. Vali haifungi, mbano unavuja, vali inaungua. Fila geji ya bei ndogo ingeiokoa.

Nne, breki na cheni. Msicheke. Breki inayogusa na cheni iliyokaza hula nguvu ya injini mchana kutwa. Inua gurudumu la nyuma ulizungushe kwa mkono. Lisipozunguka kwa urahisi, usiilaumu injini.

Katika pikipiki kumi zinazoletwa kwangu kwa malalamiko ya nguvu, nyingi hazifiki hatua ya kufunguliwa. Zinapona hapohapo.

Kazi yenyewe: oveholi ya sehemu ya juu

Tuseme umepima, na ringi kweli zimechoka. Injini za mtindo wa CG, za Honda yenyewe na zile nyingi za Kichina zilizoiga mtindo huo, ni rafiki wa fundi wa kijijini. Honda waliitoa miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi ambazo pikipiki inabebeshwa mzigo na matunzo ni haba. Haina cheni ya taimingi. Kamshafti iko chini na inasukuma vali kwa fimbo mbili. Ukitoa hedi na silinda, taimingi haiharibiki. Kwenye Boxer au TVS mambo ni tofauti: kuna cheni ya taimingi, lazima uifunge kwa waya isizame ndani, na alama zirudi mahali pake sawasawa. Ukikosea, vali zinaweza kugonga pistoni.

Osha pikipiki kabla ya kuifungua. Vumbi linaloangukia ndani ya injini iliyo wazi ni adui mkubwa. Funika mdomo wa kreki kwa kitambaa safi, maana klipu ya pini ya pistoni ikidondoka humo, jioni yako imekwisha.

Pima silinda sehemu tatu, juu, katikati na chini, na kila sehemu kwa pande mbili. Ikiwa imepita kikomo cha kitabu, au ina mikwaruzo inayoshika ukucha, itabidi ichongwe. Pistoni za ovasaizi zinapatikana kwa hatua za milimita 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00. Nunua pistoni kwanza, uipeleke kwa mchongaji pamoja na silinda, achonge kwa kuifuata pistoni hiyo. Asichonge kwa kukisia.

Hapa niondoe imani moja potofu. Watu husema, “Tumeboa, sasa ina nguvu zaidi.” Silinda ya CG125 ina kipenyo cha milimita 56.5, na pistoni inatembea milimita 49.5. Hesabu inatoa sisi 124. Ukiichonga kwa ovasaizi ya 0.50, unapata sisi 126. Umeongeza sisi mbili! Nguvu unayoisikia baada ya oveholi ni ile ya zamani iliyokuwa imepotea, imerudi nyumbani.

Wakati wa kufunga, mambo haya msiyaache. Weka kila ringi ndani ya silinda peke yake, uisukume kwa pistoni ili ikae sawa, upime mwanya wake kwa fila geji. Alama ya ringi itazame juu. Miyanya ya ringi isipangwe mstari mmoja, igawanywe kuzunguka pistoni. Alama iliyo juu ya pistoni ifuate upande ambao kitabu kinaelekeza. Klipu za pini ziwe mpya kila mara. Klipu ya zamani ikichomoka, inachana silinda yote, na gharama inarudi upya. Gasketi ziwe mpya. Paka oili pistoni na silinda. Nati za hedi zikazwe kwa msalaba, kidogo kidogo, kwa spana ya kipimo.

Vali zisageni kwa dawa ya kusagia mpaka mstari wa kijivu uwe sawa kuzunguka kiti chote, kisha muioshe dawa hiyo iishe kabisa, kwa sababu ikibaki itaendelea kusaga mle ndani. Mkitaka kuhakikisha, mimineni mafuta ya taa kwenye njia ya hewa mkiwa mmefunga vali. Yasipopenya, kazi ni njema. Masizi ya kwenye hedi yakwanguliwe kwa kijiti cha mbao. Bisibisi inachuna aluminiamu.

Halafu subira. Kilomita 500 za kwanza, dereva asiivute mpaka mwisho, asiibebeshe mzigo mkubwa, wala asikae kwenye mwendo mmoja safari nzima. Apandishe na ashushe mwendo ili ringi zikae. Zikifika 500, mwageni oili hata kama inaonekana safi, kwa sababu ina unga wa chuma wa vipuri vipya. Kamati nyingi zinaharibu kazi nzuri hapa: pikipiki inatoka karakana Jumamosi, Jumapili inabeba watu watatu na magunia mawili.

Nguvu ya mlimani bila kugusa injini

Sasa kwa yule mwenyekiti wa mlimani, nina habari njema. Kama injini ni nzima na bado mlima unashinda, badilisha sproketi. Ukitoa ya mbele yenye meno 15 ukaweka ya meno 14, nguvu ya kuvuta kwenye gurudumu inaongezeka kwa kama asilimia 7. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na silinda mpya. Mwendo wa juu kabisa nao unapungua kwa kiasi hichohicho, lakini niambieni, ni katekista gani anayekimbia kilomita 100 kwa saa kwenye njia zetu? Injini inapanda bila kukoroma, klachi haiungui, dereva hatumii nguvu kuibembeleza.

Mambo ya kukataa

Vijana wangu wa bodaboda, hili ni lenu, na nalisema kwa upendo kwa sababu nililifanya mimi mwenyewe.

Msiondoe chujio la hewa. Vumbi letu jekundu ni msasa. Likichanganyika na oili linakuwa dawa ya kusagia, ileile tunayotumia kwenye vali, ila sasa inasaga injini yote. Tena hewa ikiingia nyingi bila kubadilisha jeti, mchanganyiko unakuwa mkavu, pistoni inachemka, inavimba, inakamata. Ndivyo nilivyoiua pikipiki ya muuguzi.

Msitoboe sailensa. Kelele si nguvu. Mnawaamsha wagonjwa tu.

Na kuhusu kubadilisha 125 kuwa 150: inawezekana. Pistoni ya milimita 62 kwa mwendo uleule inatoa sisi 149, nyongeza ya kama asilimia 20. Lakini klachi, beringi za kreki, breki na kabureta vimebaki vya 125. Mzigo umeongezwa kwa ng’ombe yuleyule. Pia kadi ya usajili inaandika ukubwa wa injini. Ikitokea ajali na injini hailingani na kadi, kamati itaanza kujibu maswali magumu kwa polisi na kwa bima. Mkihitaji sisi 150, nunueni pikipiki iliyotengenezwa hivyo tangu kiwandani.

Uimara unanunuliwa kwa oili na sabuni

Injini hizi zinabeba oili kama lita moja tu. Lita hiyo moja inalainisha, inapooza, inasafisha, na inaogesha klachi. Kwenye vumbi na milima, imwageni kila kilomita 1,500 hadi 2,000. Tumieni oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA. Baadhi ya oili za magari madogo zina dawa ya kuteleza, nayo klachi ikiloa humo inaanza kuteleza pia, kisha dereva anasema injini haina nguvu. Na kagueni kiasi cha oili kila Jumatatu kabla ya safari.

Chujio la sponji lioshwe kila wiki wakati wa kiangazi kwa maji ya sabuni, likauke kivulini, lipakwe oili kidogo na kukamuliwa. Cheni iwe na mchezo wa milimita 20 hadi 30, na ipakwe mafuta. Nati zikaguliwe. Ni dakika 20 kwa wiki. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Neno kwa kamati na kwa wafadhili

Kusaidia usafiri wa wamisionari na wahudumu si jambo jipya. Padre Paul Schulte alianzisha MIVA nchini Ujerumani mwaka 1927 kwa kazi hiyo. Na shirika la Riders for Health, lililotoka Uingereza na kufanya kazi katika nchi kama Lesotho, Gambia na Zimbabwe, lilionyesha kwamba pikipiki za afya zinaweza kudumu kwenye barabara mbaya zikifanyiwa matengenezo kabla ya kuharibika, na gharama ya kila kilomita ikihesabiwa mapema. Mafunzo hayo hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji nidhamu.

Kwa kamati naomba mambo matatu. Kila pikipiki iwe na daftari lake: tarehe, kilomita, oili, spea, na sahihi ya dereva. Kila safari iwe na kiasi kidogo kinachowekwa akiba kwa ajili ya matengenezo, hata ikiwa ni safari ya Paroko. Na dereva awe mmoja anayewajibika. Pikipiki ya watu wote haina mwenyewe wa kuiosha.

Kwa wafadhili wetu, kwanza ahsanteni. Kisha naomba kwa unyenyekevu: mnapotoa pikipiki, toeni pia fila geji, geji ya mbano, spana ya kipimo, kitabu cha matengenezo na siku tano za mafunzo kwa dereva. Na mnapopata barua inayosema “pikipiki imekufa”, ombeni daftari kabla ya kutoa nyingine. Msione aibu kuuliza. Laiti mtu angeniuliza mimi siku ile, ningesema ukweli mapema, na fedha ya pikipiki ya pili ingefanya kazi nyingine.

Namalizia. Ile pikipiki ya zahanati haikutupwa. Nilirudisha silinda ya 125 kwa ovasaizi ya kwanza, nikaosha kreki yote, nikarudisha boksi la chujio, nikaweka sproketi ya meno 14. Spea nilinunua kwa mshahara wangu. Muuguzi hakunisifu. Siku aliyoichukua alifungua daftari jipya, akaandika kilomita, akanikabidhi kalamu nitie sahihi. Tangu siku hiyo kila injini inayotoka karakana yetu ina sahihi yangu, na ikilala njiani, mtu wa kwanza kuulizwa ni mimi.

 Baada ya chai, tukutane chini ya mwembe. Kuna injini mezani inawasubiri, na kila kamati itapima tapeti kwa mkono wake.